Wauza dhahabu wa Mtwara mjini, hiyo sumaku yenu mnamfanyia nani maigizo?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekereka na lugha yangu anivumilie au apite kimya kimya. Mods, msiuunganishe huu uzi na ule wa vikoba, ni mambo mawili tofauti.

Kila msimu wa korosho huku kwetu mambo ni yale yale. Mnada umefanyika, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imepeleka majina, hela zimeingia kwenye akaunti, na wakulima wa Tandahimba, Newala na Nanyamba wanateremka Mtwara mjini. Mabati, magodoro, pikipiki, na kwa akina mama, dhahabu. Na msidhani ni urembo tu. Mama wa huku akinunua mkufu anaweka akiba. Ikifika masika, korosho zimekwisha na hela imekwisha, mtoto akiugua au ada ikidaiwa, mkufu unapelekwa kwa sonara au unawekwa bondi. Sasa kuna watu wameona hapo ndipo pa kuchota.

Mama mdogo wangu alinunua mkufu na bangili mbili kwenye duka moja pale mjini (silitaji, msinifuate PM kwa hilo). Muuzaji ni kijana mchangamfu, shikamoo haimtoki mdomoni. Pembeni ya kaunta ana sumaku ya spika bovu, ameifunga kamba, inaning'inia. Akaipitisha juu ya mkufu taratibu, wateja wote wanaangalia. "Mama, ona mwenyewe, haishiki. Ingekuwa feki ingeng'ang'ania." Karibu na kibanio kuna namba 916, imegongwa vizuri kabisa. Hela ikatoka.

Juzi kati akataka kuuza bangili moja alipie ada ya chuo ya mdogo wetu. Tukaenda kwa sonara mmoja mzee. Yule mzee hata namba hakuisoma. Alichukua tupa ndogo, akakwangua upande wa ndani wa bangili mahali pamoja, kidogo kidogo, mpaka njano ikageuka wekundu wekundu. Akadondosha tone la asidi. Tone likaanza kuchemka, likatoa povu la kijani. Akalifuta kwa kitambaa, akairudisha bangili mezani, akasema, "Hii shaba, dada. Imechovywa tu." Bangili ya pili, vilevile. Mkufu, vilevile.

Tukarudi dukani. Shikamoo za yule kijana zilikuwa zimekauka. "Cheni zinafanana, kaka. Mimi nitajuaje kama hii imetoka kwangu?" Nikamtolea risiti yake ya mkono. Wakuu, nisomeeni hiyo risiti: "Cheni 1. Bangili 2." Chini jumla ya hela na sahihi isiyosomeka. Karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu, hakuna. Gramu hakuna. Neno dhahabu lenyewe halimo kwenye karatasi nzima! Mtu anayeuza dhahabu kwa mamilioni akasahau kuandika dhahabu? Huyo alikaa akapanga.

Sasa nirudi kwenye sumaku maana ndiyo inayonichemsha damu. Dhahabu haishikwi na sumaku, kweli. Lakini shaba nayo haishikwi. Brasi, ile ya koki za bomba, haishikwi. Fedha haishikwi. Risasi haishikwi. Aluminiamu haishikwi. Sumaku inakamata chuma na ndugu zake wachache, basi. Na tapeli gani wa leo atakutengenezea bangili ya chuma? Anatumia brasi au shaba kwa sababu rangi inakaribiana, inachongeka, na sumaku inaipita. Kipimo anachokukabidhi mwenyewe dukani ni kile ambacho bidhaa yake imeandaliwa kukifaulu. Tena kuna kichekesho: cheni halali kabisa inaweza kunasa kwenye sumaku pale kwenye kibanio, kwa sababu ndani yake mna springi ndogo ya chuma. Kwa hiyo ya kweli inaweza kufeli na ya uongo ikafaulu!

Vingine vya mtaani navyo sitavimalizia wino. Kuuma kwa meno: risasi ni laini kuliko dhahabu ya karati 18, utaacha alama kwenye feki na kuvunja jino kwenye halali. Kiberiti cha gesi: ile ya kuchovya ikiwa nzima moto wa sekunde chache hauioneshi kitu. Siki: angalau inaweza kubadilisha rangi ya shaba iliyo wazi, lakini iliyofunikwa vizuri itatoka inang'aa. Kidole kuwa kijani: hiyo ni dalili ya shaba kufika kwenye ngozi, ila hata dhahabu ya karati 9 ina madini mengine mengi ndani yake, jasho na losheni vinaweza kuiachia weusi. Ni dalili ya kukutia shaka, haitoshi kumshtaki mtu.

Na ile 916? Kuna wenzetu wakiona namba wanaona imethibitishwa. Maana yake ni sehemu 916 kati ya 1,000, yaani karati 22. 875 ni karati 21, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Ukikuta GP, RGP, HGE au GF hapo umeambiwa ukweli kwa herufi ndogo: imechovywa au imefunikwa. 925 ni fedha, hata kama juu ni njano. Lakini namba yenyewe ni alama iliyogongwa, na yeyote mwenye nyundo na kigongeo chake anaweza kuigonga kwenye koki ya bomba. Uingereza wana sheria ya mwaka 1973 ambayo muhuri unagongwa na ofisi ya kupima, siyo na muuzaji anayetaka hela yako. India, kwa mapambo yanayolazimika kuwa na muhuri, tangu Aprili 2023 duka halitakiwi kuyauza bila HUID, namba ya pekee ya herufi na tarakimu 6, na unaiangalia kwa simu kwenye programu ya BIS Care ya shirika lao la viwango. Kwa hiyo akikwambia "hii shemeji kanunua juzi dukani Mumbai", mwombe HUID umwone anavyoanza kutafuta chaja ya simu. (Mzigo unaotengenezwa kwa kupelekwa nje una utaratibu wake, kwa hiyo kukosa namba hiyo peke yake hakumaanishi feki. Nasema hivi asije mtu kunishukia.)

Kipimo cha sonara ni kile mlichosikia hapo juu, na kina adabu zake. Lazima akwangue kwanza afike ndani, maana utando wa kuchovya ni mwembamba mno ila asidi ikidondoshwa juu yake inakutana na dhahabu halali, na feki inafaulu. Akitaka kujua karati, anasugua pambo kwenye jiwe jeusi mpaka linaacha mstari, pembeni anasugua sindano yenye karati inayojulikana, anapaka asidi ya karati hiyo, anaangalia mstari upi unafifia mapema. Hata ile mashine ya miale inayotoa asilimia kwenye kioo inasoma tabaka la juu tu. Pambo lililofunikwa kwa tabaka nene linaweza kuidanganya. Kwa hiyo kukwangua kwa tupa kwanza, mbwembwe baadaye. Na nyie mnaopenda kujaribu, asidi msiichezee nyumbani, inachoma ngozi na mvuke wake ni sumu.

Cha nyumbani kisichochoma mtu ni maji. Tafuta mzani mdogo wa kidijitali unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, ule wa kupimia unga wa maandazi hautoshi. Pima bangili, andika. Kisha weka bakuli dogo la plastiki lenye maji juu ya mzani, rudisha namba sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba, itumbukize izame yote bila kugusa chini wala ubavuni, wewe umeshika uzi. Soma namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Karati 22 itakupa kama 17 na nusu hadi 18. Karati 18 inazungukia 15 na 16. Risasi ni 11.3, fedha 10.5, shaba 8.9, brasi 8 na nusu hivi. Bangili ya gramu 20 ya karati 22 inasukuma maji ya kama gramu 1.1. Ya brasi, yenye uzito uleule, inasukuma zaidi ya 2.3. Tofauti hiyo haifichiki kwa kuchovya. Ila isiwe na mawe, wala isiwe tupu ndani ikabeba hewa, hapo hesabu itakuharibikia.

Zile za mama mdogo nilizipima hivyo usiku uleule. Kwenye nane na kitu zote tatu.

Halafu bei jamani. Oktoba 2025 aunsi ya dhahabu kwenye soko la dunia ilivuka dola 4,000. Aunsi hiyo ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa karibu dola 129, na ya karati 22 kama dola 118. Zidisha kwa dola ya siku hiyo. Hapo hujaweka ufundi, hujaweka faida ya duka. Anayekuuzia nusu ya hapo anakupenda kwa lipi? Nchi ina Geita yenye migodi ya dhahabu, tangu 2019 ina masoko ya madini ambako dhahabu inapimwa na kuandikwa, halafu mwanamke aliyebangua korosho mpaka vidole vikapauka anauziwa koki ya bomba.

UPDATE: Nimesoma majibu, nawajibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema "mama yako mdogo angeomba risiti ya EFD", yaani ile ya mashine ya kodi, sawa, na ninyi wengine ombeni. Ila hata ya EFD ikitoka imeandikwa "cheni" haitawasaidia sana. Iandikwe dhahabu, karati, gramu, na bei ya kila gramu. Na mzani wa kaunta uangalie kama una stika ya Wakala wa Vipimo. Akikataa kuandika karati, ondoka na hela yako, hata kama ameshakufungia kwenye kile kiboksi chekundu.

Wewe unayesema ni muuzaji na kwamba "kukwangua kunaharibu mzigo": unakwanguliwa upande wa ndani, eneo dogo kuliko punje ya ulezi, na karati 22 ikidondoshewa asidi ya naitriki haichemki. Sonara anaing'arisha hapo hapo. Mzigo unaoharibika kwa kukwanguliwa kidogo tunajua ni wa namna gani.

Waliouliza sheria: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Tatizo letu ni ushahidi, kwa sababu ya ile risiti. Mashahidi waliokuwepo dukani siku ya sumaku tumeshampata mmoja, dada wa Chikongola, naye alinunua hereni siku hiyohiyo. Amezipima kwa maji. Mnajua jibu.

Kwa hiyo kama ulinunua Mtwara mjini msimu huu, na risiti yako imeandikwa "cheni" au "bangili" bila neno dhahabu, pambo lisiuzwe, lisiyeyushwe, na karatasi usiitupe. Nitumie PM picha ya risiti. Jina la duka usiliweke hapa hadharani.