Naomba ushauri: mashine ya kukimbilia au barabara ya Shangani?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Mtwara mjini, miaka 46, kilo 94. Presha imeanza kupanda, na daktari kaniambia nitembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, kiwango kilekile cha Shirika la Afya Duniani.

Nimeanza kutoka Ligula alfajiri hadi ufukwe wa Shangani. Upepo wa bahari unanipa raha hasa, nikirudi nyumbani kichwa chepesi siku nzima. Shida ni goti la kulia: nikishuka mchangani linauma hadi jioni. Na mvua za kwetu zikianza Desemba, mpaka Aprili njia ni madimbwi.

Kuna jimu ina mashine ya kukimbilia, elfu hamsini kwa mwezi. Mkanda wake laini, goti halisumbui. Kijana wa pale anasema niuinue asilimia 1, kwa sababu ndani hakuna upepo wa kupingana nao. Ila dakika kumi tu nachoka kutazama ukuta, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Wenye goti kama langu, mlifanyaje? Nilipie, au ninunue raba nzuri nibaki kwenye lami?