Acheni kuharibu kompyuta za watu kwa utani: magrupu ya Linux hapa Kigoma yamekuwa mateso kwa wanaoanza

Wakuu, hili limezidi na tukilinyamazia litaendelea. Mtu wa Mwanga au Ujiji ana kompyuta ya steshenari yenye Ubuntu (aina ya Linux, mfumo endeshi kama Windows), umeme umekatika katikati ya apdeti, asubuhi anauliza kwenye grupu afanyeje. Anajibiwa "Google ipo", "rudi Windows", "piga chini, install upya", halafu mmoja anamwekea `sudo rm -rf /*` na vikaragosi vya kucheka.

Huo si utani, ni uharibifu. Rm, amri ya kufuta, ina kinga ukiiandikia `/` (mzizi wa mafaili yote) peke yake, lakini ukiweka `/*` sheli, programu inayosoma amri, inaigeuza kuwa orodha ya folda zote, kinga haiguswi na kila kitu kinafutwa. Kwenye diski hiyo kuna vyeti vya wateja na barua zao za maombi ya kazi. Aliyeandika anajua hilo, anayeuliza hajui.

Na huyo wa "install upya" amepiga hesabu? Faili la Ubuntu 24.04 la kompyuta ya mezani linazidi GB 5. Nani ana bando la kuchezea hivyo wakati tatizo linaisha kwa amri mbili? Anaanza na `sudo dpkg --configure -a` (dpkg ndiyo programu inayoweka na kuondoa programu nyingine), inamalizia vifurushi vilivyoachwa njiani umeme ulipokatika. Kisha `sudo apt --fix-broken install`. Basi.

Ikilalamika kuwa nafasi imeisha, atazame `df -h /boot`. Humo ndimo zinamokaa keneli, yaani kiini cha mfumo. Kama /boot imetengwa peke yake na ina MB 500, keneli chache tu za zamani zinaijaza. Asiende kufuta mafaili kwa mkono humo ndani, maana dpkg itaendelea kuamini yapo na kila apdeti itagoma. Aandike `uname -r` ajue anatumia keneli ipi, kisha `sudo apt autoremove --purge`. Hiyo nayo ikikataa, achague keneli moja ya zamani, aiondoe kwa `sudo dpkg --purge` akitaja linux-image na linux-modules-extra za toleo hilohilo kwa pamoja, kwa sababu moja inategemea nyingine. Abakize anayoitumia na moja ya akiba.

Linalonikera kuliko yote ni la kufuli. Skrini ikisema `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, wanaojiita wataalamu wanakimbilia kusema futa hiyo lock. Kufuli hilo lina kazi! Linazuia programu mbili zisiguse vifurushi kwa pamoja. Mara nyingi ni unattended-upgrades, programu ya apdeti za kiotomatiki, inasasisha mfumo kimya kimya baada ya kompyuta kuwashwa. Ukilifuta, programu mbili zinaweza kuandika kwenye `/var/lib/dpkg/status` kwa wakati mmoja, na faili hilo likiharibika mfumo haujui tena una programu gani. Ujumbe wenyewe kwa kawaida unataja namba ya mchakato. Mwambie aandike `ps -fp` na namba hiyo, aone ni nani ameshika, asubiri amalize. Kwa aliyekwisha kuharibiwa, nakala ya akiba huwa `/var/backups/dpkg.status.0`, airudishe mahali pake kabla ya kugusa kitu kingine.

Msiniletee hoja kwamba Linux ni ya wenye roho ngumu na asiyevumilia matusi aondoke. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa lugha aliyokuwa akiwatolea wenzake, akakaa pembeni kwa muda, na mwezi huohuo keneli ikapata kanuni rasmi za mwenendo. Debian, mradi ambao Ubuntu imetokana nao, walishapitisha za kwao kwa kura mwaka 2014. Ninyi mnamtetea nani?

Dada akiuliza kuhusu seva anaambiwa "njoo inbox nikufundishe". Swali limeulizwa mbele ya wote, lijibiwe mbele ya wote. Halafu kuna wanaowacheka wenzetu wa Kongo na Burundi, wakiwamo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, eti Kiswahili chao cha ajabu na skrini zao ni za Kifaransa. Mwambie aandike `sudo env LC_ALL=C apt update`, kosa litatoka kwa Kiingereza na yeyote ataweza kumsaidia. Hilo mnalijua, mmechagua kucheka.

Admini, ninachodai ni hiki. Bandikeni juu kabisa kwamba anayeomba msaada aweke majibu ya `lsb_release -a`, `uname -r` na `df -h`, na maandishi yote ya kosa, si picha iliyokatwa nusu. Amri ya kuharibu ikiwekwa ifutwe papo hapo, na onyo liandikwe wazi, kwa sababu kuna walioshaisoma kwenye simu kabla haijafutwa. Aliyeiweka atolewe siku hiyohiyo, bila nafasi ya pili. Wa matusi na kejeli apewe onyo moja, akirudia anyamazishwe wiki nzima, akirudia tena atoke. Na admini wawe watatu au zaidi, wanawake wakiwemo. Sasa hivi admini ni mmoja, na umeme ukikatika kwake Kasulu, amri ya kufuta diski inakaa pale mpaka usiku.