Mjadala: Bustani ni kazi ya sanaa au ni mapambo tu?

Wakuu, nauliza kwa sababu jibu linagusa fedha za umma. Mchoro maarufu ukichakaa, huitwa mtaalamu aurejeshe. Bajeti ikibana, watunza bustani mara nyingi ndio wa kwanza kupunguzwa. Mimi nasema bustani iliyobuniwa kwa makusudi ni sanaa kamili na ilindwe hivyo.

Tazama bustani ya mawe ya hekalu la Ryōan-ji, kule Kyoto, Japani. Mawe 15 yamepangwa juu ya changarawe nyeupe, na ukiketi barazani huyaoni yote kwa pamoja. Usogee huku au kule, daima kuna jiwe linalojificha. Changarawe yenyewe huchanwa kwa reki, mistari ikazunguka mawe. Hakuna ua hata moja pale. Mapambo yako wapi hapo?

— Mkuu, jiwe halikui, ndiyo maana umelichagua. Mti haumsikilizi mtu. Dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha maelfu ya miti Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, kwenye bustani iliyobuniwa na André Le Nôtre katika karne ya 17. Ikapandwa mingine. Je, tunachokiona leo ni kazi yake au ya waliopanda? Asiyeweza kuamua kazi yake itakuwaje kesho, kwangu ni mkulima hodari, basi.

— Ndugu, hoja yako ni nzito, na ndiyo inayonifanya nishikilie msimamo. Le Nôtre alibuni njia ndefu zilizonyooka, madimbwi, na mahali jicho linapovutwa hadi upeo wa macho. Miti ilianguka, mpango ule ukabaki. Tena wapo wanaoyapangia nafasi hayo mabadiliko unayoyaogopa. Piet Oudolf, aliyepanga mimea ya High Line, bustani iliyo juu ya reli ya zamani huko New York, huuchagua mmea hata kwa namna unavyokauka: mashina ya kahawia na masuke yenye mbegu huachwa yasimame kipindi chote cha baridi, yakakatwa majira ya kuchipua yakikaribia. Kunyauka kumo ndani ya ubunifu wake.

Hata Mkataba wa Florence wa 1981, unaohusu bustani za kihistoria, unakubali kwamba mimea hufa na kupandwa upya. Kwa hiyo kulinda bustani ni kumlipa anayejua lini akate na wapi aache. Mimi fungu la kwanza ningelipeleka kwa watunzaji, kabla ya uzio na vibao. Wewe ungelipeleka wapi?