Kula usiku kwa kujificha kunaweza kuleta sukari? Nimepima 6.4, naombeni ushauri

mpangaji_ilazo
Mbukwenyi wadau wa Dodoma na kwingineko. Hii ID nimefungua leo mana ile ya zamani kuna watu wa ofisini wanaijua, na hili jambo hata mama angu halijui. Naombeni msinicheke, au kama mtacheka chekeni af mnijibu.

Nina miaka 33, nilihamia huku na ofisi 2019 kutoka Dar, kazi yangu iko Mtumba na nimepanga Ilazo, naishi peke angu. Wiki mbili zilizopita walikuja watu wa afya ofisini kupima presha na sukari bure. Wakaniuliza umekula, nikasema hapana, wakanitoboa kidole ikasoma 6.4. Yule kaka akaniandikia kwenye kikaratasi "punguza wanga, fanya mazoezi" akaita mwingine. Mama yuko Kondoa, ana sukari mwaka wa tisa huu anakunywa metfomini, kwaiyo nilivyoona ile namba miguu iliisha nguvu.

Sasa jambo lenyewe. Mchana mimi sili. Ofisini wananijua kama mtu wa maji na tango, wenzangu wakienda kwa mama ntilie mimi nabaki na kompyuta, wananisifia eti najua kujitunza. Shida ni usiku. Nikishuka kwenye daladala napitia vibanda viwili, cha kwanza namwambia kaka nifungie zege (chipsi mayai) mbili nina wageni, cha pili nachukua chapati nne na soda kubwa, navitenganisha makusudi ili asijue mtu kwamba yote ni ya tumbo moja. Nikifunga mlango nakula nimesimama, viatu sijavua, haraka haraka mpaka naunguza ulimi na siachi, utamu wenyewe siusikii, naacha pale tumbo linapokaza kama ngoma. Kuna siku naamka tena saa nane usiku namalizia mkate mkavu na karanga. Yale makaratasi yenye mafuta nayakunja naweka kwenye begi la ofisini naenda kuyatupa Mtumba kwasababu pale nyumbani takataka anachoma mama mwenye nyumba. Mara moja moja aibu ikinizidi naenda chooni najitapisha. Kesho yake nasema leo sigusi kitu, nashinda na maji, jioni ni yale yale. Ni mara tatu nne kwa wiki, mwaka wa pili huu. Nilikuja na kilo 64, sasa 81.

Naomba kujua, kula kwa namna hii kunaweza kuleta ile sukari ya ukubwani au ni kurithi tu kwa mama? Na kama ni ulafi mbona mchana njaa naivumilia bila shida?

Nawasilisha.

sugu_wa_sabasaba
Zege mbili chapati nne af wageni wenyewe hewa 😂😂 dada ungeniita mimi nipo Sabasaba hapa

shangazi_makulu
Wewe wa Sabasaba si umeambiwa ukicheka ujibu, mbona hujajibu?

Mwanangu pole. Mimi sio daktari ila ulafi naujua, nimezaa wanaume watano. Mlafi anakula mbele za watu anaomba na nyongeza, anajilamba vidole. Wewe unakula kama mtu anaeiba. Hiyo ni kitu kingine, subiri wajuzi waje.

mzee_wa_mlonge
Hapo mwisho wa matatizo ni mdalasini na majani ya mlonge, chemsha kunywa kutwa mara mbili, af funga siku tatu kavu usile chochote mwili ujisafishe. Unga ninao, njoo PM.

tabibu_kizota
Mzee wa mlonge, mlonge ni mboga nzuri tu hata mimi nakula, ila hizo siku tatu kavu ndo unamwagia petroli. Someni alichoandika: anashinda njaa, jioni mwili unadai na riba. Umemwongezea njaa, ataenda vibanda vinne.

Mleta uzi, mimi ni tabibu, nakaa kliniki ya sukari mara mbili kwa wiki. Unachoeleza kina jina. Kufakamia chakula kingi kwa muda mfupi ukijiona huna breki, unakula haraka, unakula huna hata njaa, unajificha, ukimaliza unajichukia, na inatokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu: huo ni ugonjwa, Wamarekani waliuingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Ukiongeza kujitapisha mara kwa mara, au kujinyima ili kufidia, unaanza kuitwa bulimia. Wewe uko upande gani atasema atakaekaa na wewe, sio mimi kwenye simu.

Swali lako la msingi: ndio, vinahusiana. Watu wenye ugonjwa wa kufakamia na wenye bulimia wanakutwa na sukari aina ya pili, hiyo ya ukubwani, zaidi ya watu wengine. Anoreksia, ile ya kujinyima mpaka mtu anabaki mifupa, haionekani kwenda hivyo. Njia kubwa ni uzito, hasa mafuta ya tumboni na kwenye ini. Yakijaa, misuli na ini vinakuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu, yani insulini inagonga hodi mlango haufunguliwi, kongosho linaongeza nyingine na nyingine, siku likichoka sukari inabaki kwenye damu. Na ukishusha chapati nne, zege mbili na soda kwa dakika ishirini unalipiga kongosho kazi ya siku nzima kwa mpigo, tena usiku, wakati mwili hata wa mtu mzima mwenye afya unashughulikia sukari vibaya kuliko asubuhi. Kujitapisha hakukuokoi, sehemu ya chakula inakuwa imeshaingia.

Ila usijibebeshe kesi yote. Mama kuwa na sukari tayari inakupandishia hatari, na kuna watu wanafakamia miaka sukari hawaipati. Kurithi ni kama nyasi kavu za huku kwetu mwezi wa tisa. Hazijiwashi zenyewe.

Swali moja kabla sijaendelea: siku ulipopimwa ulikula mara ya mwisho saa ngapi?

mpangaji_ilazo
Duh. Tabibu umenishika. Usiku ule niliamka saa nane nikamalizia mkate. Kupimwa ilikuwa saa mbili asubuhi. Aliposema umekula mimi nilijua anaulizia chai.

tabibu_kizota
Umeona sasa. Hayo ni masaa sita, na kipimo cha kufunga kinataka yasipungue nane. Kwaiyo ile 6.4 haikuhukumu wala haikuachii. Rudia vizuri, na omba na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hicho hata ukila hakijali. Cha kufunga 6.1 mpaka 6.9 uko njiani, 7.0 kwenda juu ni sukari, na kama huna dalili lazima kirudiwe siku nyingine ndo uandikiwe. HbA1c yenyewe inasomwa kwa asilimia, ikiwa 5.7 mpaka 6.4 uko njiani, 6.5 kwenda juu umefika. Kama una upungufu wa damu au selimundu sema, hicho kipimo kinaweza kudanganya.

Na usifiche kujitapisha, hata ukiulizwa haraka haraka. Kunashusha potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kupiga ovyo, mtu kijana kabisa anaanguka. Meno pia yanaliwa na asidi. Ukitapika sukutua na maji tu, usikimbilie mswaki, unaisugulia asidi kwenye meno.

Nakuja kwenye hicho kikaratasi cha "punguza wanga". Sio uongo, ila kwa mtu kama wewe ukianza na masharti makali unajirudisha kibandani. Kwanza unakula. Asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati, hata kama usiku ulifakamia kesho yake hufuti mlo. Njaa ya mchana ikiondoka ule wazimu wa jioni unapungua nguvu. Utaona mimi nimeshauri mgonjwa ale zaidi, mwenzangu mmoja kliniki alinitolea macho siku nasema hivyo.

jamaa_wa_chimwaga
Nachangia mana watu wanadhani ni ya kina dada tu. Mimi mwanaume, nilisoma chuo hapa UDOM, boom (ile pesa ya mkopo wa wanafunzi) likiingia nilikuwa nanunua mikate miwili na maziwa ya kopo nafungia mlango hosteli, rumeti akigonga nasema nimelala. Nimefika kilo 118. Sukari nimeambiwa ninayo nikiwa na miaka 29, na kila kliniki naambiwa "kijana acha kula hovyo". Yani kila nikitoka pale na lile karatasi la vyakula vilivyokatazwa nilikuwa napitia dukani kwanza. Miaka miwili hakuna alieniuliza unakulaje, saa ngapi, na nani. Aliekuja kuniuliza ni mwanasaikolojia mmoja tena nilienda kwa ishu ya msiba. Kuandika kwenye daftari nilichokula na nilikuwa najisikiaje kabla, hapo ndo nilianza kuona kumbe kila nikiongea na mzee kwenye simu lazima nifakamie.

Sijapona kabisa. Ila dozi sasa ninameza na kilo ziko 104.

binti_mpunguzi
Mdogo wangu ana ile sukari ya utotoni, ya sindano. Alikuwa anaruka sindano makusudi ili apungue mwili, tukadhani anasahau. Tulimkuta anahema kwa nguvu mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, tukakimbia nae usiku. Kama kuna mtu humu ana wa hivyo nyumbani, mhesabuni dozi zake.

sugu_wa_sabasaba
Aisee dada nisamehe nilicheka kabla sijasoma mpaka mwisho. Swali kwa tabibu, sasa hapa Dodoma mtu anaenda wapi, si Mirembe hiyo, hospitali ya magonjwa ya akili? Watu wakikuona unaingia pale mtaa mzima ushajua.

tabibu_kizota
Anaweza kuanza kituo chochote cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, vipimo vya sukari vipo, akaeleza yote mawili. Mirembe nako kuna kliniki ya nje, watu wanaenda kwa kukosa usingizi, kwa msongo, kwa pombe, wanarudi kazini mchana. Hili jina la Mirembe tumelifanya tusi wenyewe toka tuko shule ya msingi.

Na dada, wale waliofuatiliwa Marekani wakiwa njiani kama wewe, matokeo yalitoka 2002: waliotembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito walipunguza hatari kwa asilimia 58, waliopewa metfomini 31. Kwako asilimia 7 ni kama kilo 5 na nusu tu, sio kurudi 64. Ila hiyo ije baadae, kwanza chakula kikae kwenye saa zake.

mpangaji_ilazo
MREJESHO. Samahanini nimekaa kimya mwezi.

Nilifunga masaa kumi ya kweli. Cha kufunga 6.2, cha miezi mitatu 6.0. Kwaiyo niko njiani. Potasiamu iko sawa. Kwa daktari nilikuwa nimepanga maneno toka kwenye daladala, nilivyofika yakapotea yote nikamsomea huu uzi kwenye simu mpaka pale pa makaratasi kwenye begi. Aliacha kuandika, akaniuliza mchana huwa unakula nini. Nikasema tango. Amenipa rufaa kwa mwanasaikolojia, nimeshaenda mara mbili, ni mdada mdogo kuliko mimi nilidhani ntaona aibu.

Mchana sasa nakula. Siku ya kwanza kwa mama ntilie nilichukua wali maharage na mchicha, wenzangu wote wakanyamaza kama nimevua nguo. Siku ya nne hawakuangalia tena.

Mama nimempigia, nimemwambia ya sukari. Ya vibanda bado.

Na yule kaka wa chipsi, wiki iliyopita nimempita kwa mbali akaniita "dada, siku hizi wageni hawaji?" Nikamwambia wamesafiri. Juzi lakini walirudi, nilikuwa nimegombana na bosi. Zege moja, nikala nimekaa, viatu nimevua, na asubuhi nikanywa uji.

@tabibu_kizota nimeandika kwenye daftari.