Amepiga nyundo KIOO, halafu ananipa karatasi nisaini "kimeteketezwa"!

Wakuu, natetemeka hapa nilipo. Yule bwana wa stoo ya vielelezo mnamjua wote, yule anayetembea na funguo kiunoni utadhani anamiliki milango yote ya dunia. Leo kanimaliza.

Kesi ya tapeli imeisha, muda wa rufaa umepita, hakimu kaamuru kompyuta yake iteketezwe. Humo ndani kuna nakala za vitambulisho vyetu, na picha yangu nimeshika changu karibu na uso. Nikaitwa nishuhudie. Bwana kaiweka mezani, kainua nyundo, kapiga kioo. Kioo! Pigo moja! Kajipangusa mikono kama aliyebomoa ghorofa: "Tayari mama, saini hapa."

Tangu lini data ikakaa kwenye kioo? Ukivunja mlango wa maktaba, vitabu vimeungua? Nikauliza diski iko wapi. "Hiyo tulishaifomati." Kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, mafaili yamelala palepale, mwenye programu ya kurejesha anayazoa yote! Serial namba hakulinganisha na daftari. Shahidi wa pili hakuna. Na ile karatasi ilishajazwa: "kimeteketezwa kikamilifu, saa nane mchana." Nilikuwa nimesimama pale saa tano asubuhi!

Sijasaini. Kompyuta imerudishwa stoo, diski nzima, kioo kimepasuka. KIOO, wakuu!

Mzee_wa_Nyundo: Pole kwa kioo. Kilikuwa na familia?

Kitasa: Mama povu lote hili, si ungeichomoa diski ukaondoka nayo?

Bi_Mkali: @Kitasa hicho ni kielelezo, akiondoka nacho kesi inayofuata ni yake. Acha kumshauri vibaya.

FundiDiski: Hapo angeandika upya diski yote au aisage. Sumaku kali inaua diski ya kuzunguka, ila ya SSD, ile isiyozunguka inayotunza data kwenye chipu, haisikii sumaku, lazima chipu zenyewe zisagwe. Mwongozo wa kufuta data wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-88, upo tangu 2006, si siri.

Mzee_wa_Nyundo: Haya, profesa kaingia.

Mleta mada: @FundiDiski asante! Yeye kapiga kioo!

Kitasa: Tumesikia kioo mama.

Mpigania_Haki: Afadhali wewe umeitwa. Sisi dawa za kulevya zilichomwa bila kupimwa uzito tena. Mfuko umetoka stoo lakiri imebanduka, wanasema ni joto. Joto gani linachagua lakiri peke yake? Ilitakiwa ipimwe mbele ya mashahidi kabla haijaingia tanuru.

Bi_Mkali: Hilo la lakiri lianzishiwe uzi wake.

Dereva_Mpole: Nyie mnalilia kuteketezwa, mimi nalilia kurudishiwa. Pikipiki yangu iliibwa, ikapatikana, ikawa kielelezo. Kesi imekwisha, nina amri ya mahakama mkononi. Nimeikuta uani, tanki limeota kutu na betri haipo.

Mzee_wa_Nyundo: Betri imeteketezwa kikamilifu, saa nane mchana.

Mpigania_Haki: @Dereva_Mpole ilipoingia uliandikiwa hali yake kwenye fomu?

Dereva_Mpole: Waliandika "pikipiki moja."

Kitasa: Basi hata tairi wangetoa, bado ni pikipiki moja 😂

Dereva_Mpole: Tairi la nyuma nalo limetoka. Ngoja niweke picha.

Mleta mada: Jamani, na kioo changu?

Bi_Mkali: Weka picha ya pikipiki tuone.