Wati 1500 kwenye boksi, ndani gia ya plastiki: wauza miksa za kukandia unga mnatuumiza

Wakuu nimekasirika, na naombeni mnivumilie maana uzi utakua mrefu.

Miezi mitano iliyopita nilinunua miksa ya kusimama, ile kubwa ya kichwa kinachonyanyuka na bakuli la chuma la lita 5. Nilijibana muda mrefu kwa ajili ya hii kitu, nikasoma, nikaangalia video usiku mpaka macho yanauma, na kila nilikopita kinachopigiwa kelele ni wati. Hii wati 1000, hii 1200, hii 1500. Basi nikachukua ya 1500 nikijua ndo yenye nguvu. Jumamosi imekufa ikiwa inakanda mkate wa kawaida kabisa, unga kilo moja, maji gramu 620, chumvi na hamira, basi.

Kwanza sauti ilibadilika, ule mngurumo wake ukawa kama mtu anasaga changarawe, kichwa kikaanza kurukaruka pale kwenye bawaba, ikaja harufu ya plastiki ya moto, alafu ndoano, kile chuma kilichopinda kinachokanda unga, ikasimama katikati ya donge huku mota bado inazunguka. Mota inalia, ndoano haiendi. Nikachomoa plagi nikabaki nimeshika waya mkononi.

Nimeipeleka kwa fundi kaifungua mbele yangu. Grisi ambayo ilitakiwa iwe nyeupe imekua ya kijivu, imejaa chembechembe, na katikati ya gia za chuma kuna gia moja ya plastiki imenyolewa meno yote imebaki duara laini kama kifuniko cha chupa. Mota nzima. Gia nyingine zote nzima. Ni hiyo moja tu, inaenea kwenye kiganja.

Fundi akaniambia gia kuwa ya plastiki sio kosa lenyewe, viwandani wanaiweka makusudi ili mzigo ukizidi ife yeye kabla mota haijaungua, inafanya kazi kama fyuzi. Sawa, hilo nimelielewa na naona lina akili. Ila fyuzi ikiungua si unanunua nyingine unaweka? Nimewaandikia walioniuzia naulizia gia, jibu lao ni kwamba vipuri haviuzwi, na waranti hawaitambui kwa sababu nimetumia mashine "kupita kiwango", niangalie kitabu cha maelekezo.

Nikaangalia. Kwa ndani huko, kwenye jedwali la maandishi madogo: unga wa mkate mwisho gramu 500, kukanda mwisho dakika 5, kisha mashine ipumzike dakika 20. Gramu mia tano! Bakuli la lita 5, boksi lina picha ya mikate miwili mikubwa imepangwa pembeni ya mashine, alafu ndani mnaniambia nusu kilo? Hiyo picha mliyoweka haitoki kwenye nusu kilo ya unga na mnajua.

Alafu nikageuza mashine chini, kuna kistika nimekiona mara mia sikujua maana yake, kimeandikwa KB 5 min. Kumbe ni kifupi cha Kijerumani, ni muda wa juu mashine inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo bila kupumzishwa. Kama una miksa au blenda nyumbani nenda kaigeuze sasa hivi, wengi mtaikuta hiyo KB na namba yake. Mkate wa unga mgumu unataka dakika 8 mpaka 12 za kukandwa na mashine. Yani mashine inayouzwa kwa jina la kukanda mkate hairuhusiwi kumaliza kukanda mkate mmoja bila kwenda kupumzika katikati, na hilo halipo popote kwenye tangazo.

Sasa hizi wati. Mimi nilidanganyika na wengi wanadanganyika kwa hiyo nasema. Wati inayoandikwa kwenye boksi ni umeme ambao mashine inaweza kula kutoka ukutani, sio nguvu inayofika kwenye ndoano. Katikati hapo kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa, kuna mkanda au gia za kuipunguza kasi, kuna joto, na kila hatua inakula chake. Mfano mzuri ni zile KitchenAid ndogo za kichwa kinachonyanyuka, zimeandikwa wati 300 hivi na watu wamekanda nazo miaka na miaka. Sisemi mkanunue hizo, nazo zina kikomo chao na unga wa mkate wanakwambia spidi ya 2 usipande juu ya hapo. Nasema wati 300 na wati 1500 zikikanda kitu kile kile na ile ya 1500 ndo inakufa, basi hiyo namba haitusaidii kuchagua, na wauzaji wanaitumia kwa sababu ni kubwa na inaonekana vizuri kwenye boksi.

Lita ni hivyo hivyo. Lita 5 ni maji ukijaza mpaka ukingoni. Haisemi chochote kuhusu donge la unga.

Na nyie mnaotengeneza video za kupitia miksa, nina hasira na nyie pia. Nimeangalia zaidi ya ishirini. Zote wanapiga ute wa mayai unapanda kama wingu, wanapiga siagi na sukari, wanamwaga mchanganyiko wa keki, mwisho wanasema nzuri sana nunueni. Hiyo kazi hata miksa ndogo ya mkono inafanya! Nionyesheni donge la mkate dakika ya nane, kamera kwenye kichwa cha mashine, muziki umezimwa tusikie mota. Nionyesheni unga unavyopanda juu ya ndoano mpaka unagusa kichwa, maana kwenye zile ndoano za umbo la C hilo linatokea sana na inabidi usimame uushushe na mwiko kila baada ya muda. Nionyesheni mashine inavyotembea kwenye kaunta, yangu ilikua nyepesi nikawa naishikilia kwa mkono mmoja, na kukanda ukiwa umeishikilia mashine bora ukande mwenyewe. Miksa ya kwanza ya KitchenAid ya nyumbani, ya mwaka 1919, ilikua na uzito wa karibu kilo 30. Hatuhitaji zirudi kilo 30 ila uzito ulikua na sababu, chuma ndani ndo kilichokua kinabeba kazi.

Sasa nyumbani wananiambia nunua nyingine, chukua kubwa zaidi. Nimekaa nimepiga hesabu kwa uaminifu nikiangalia ninachooka kweli, sio ninachotamani kuoka. Keki mara moja kwa wiki, hapo miksa ya mkono inatosha kabisa. Mkate mara mbili. Ambapo miksa ya kusimama naikosa kweli ni ute wa mayai unaomwagiwa shira ya moto kidogokidogo, pale unahitaji mikono yote miwili iwe huru, na ule unga wa siagi nyingi ambao siagi inaingizwa kipande kimoja kimoja robo saa nzima na mkono unayeyusha. Hivyo viwili navifanya labda mara sita kwa mwaka. Mtu anayeoka za kuuza au anayekanda kila siku hesabu yake ni nyingine, na mwenye maumivu ya mikono au viganja huyo simwambii lolote, anunue, ila anunue akijua.

Na ule unga wa Jumamosi sikuutupa. Niliuchomoa kwenye ndoano umekandwa nusu, bado una mabonge, unakatika ukiuvuta. Nikaufunika kwenye bakuli nusu saa kwanza kwa sababu nilikua nalia na mashine, nikalowesha mikono, nikauvuta upande mmoja nikaukunjia katikati, nikazungusha bakuli, pande zote nne. Nikarudia kila baada ya nusu saa, mara tatu. Ile mara ya tatu ulikua laini unang'aa, ukiuvuta unatandaka mpaka unaona mwanga upande wa pili. Maji na muda vinaunganisha gluteni, ile protini ya ngano inayofanya unga uvutike, vyenyewe, hilo nilikua nimelisoma zamani nikalipuuza. Mkate ulitoka mzuri, na kazi ya mikono jumla haikufika dakika kumi. Hilo ndo limeniongezea hasira, maana hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza unaoka nini na mara ngapi.

Hiyo gia bado nitaipigania. Fundi anasema anaweza kuchonga ya shaba ila hanishauri, maana mzigo ukizidi tena kitakachoungua ni mota.

Kwa hiyo kabla sijaamua naomba wenye uzoefu mnijibu, wale ambao miksa yenu ina zaidi ya miaka mitatu na inakanda mkate sio keki tu. Unaweka unga gramu ngapi? Inakanda dakika ngapi mfululizo na kichwa kinapata moto kiasi gani? Umewahi kubadilisha gia au kaboni za mota, na kipuri ulikipata kirahisi au ulizungushwa? Wati msiniandikie kabisa.