Ganzi kwenye vidole vya mkono wa kulia haiishi, nifanyeje wakuu?

Kiganja_Kizito: Wakuu habari za muda huu. Nina shida ya mkono wa kulia, vidole vinakufa ganzi muda mrefu sasa, mwanzo ilikuwa inakuja na kuondoka nikajua nimeulalia, ila sa hivi haiondoki kabisa asubuhi mpaka usiku. Kazi yangu ni ya kompyuta kutwa nzima. Kingine chochote mwilini sina, nakula vizuri nalala vizuri. Kuna jamaa ananyoosha shingo na mgongo, kaniambia ni mshipa wa shingoni umebanwa na Jumamosi nina miadi nae. Sasa naomba ushauri, nianze na huyu au ninunue kile kifaa cha kufunga kwenye kifundo cha mkono? Maana hata usingizi sasa unaanza kuwa wa mawazo.

Baba Pacha: Sukari hiyo mkuu, kapime leo leo. Mjomba wangu alianza hivi hivi akawa anajichekesha eti uchovu, alipokuja kupima mashine ikasoma juu mpaka nesi akarudia. Alibadilika yule mzee, mpaka leo ukimkaribisha soda anakuangalia kama umemtukana.

Kiganja_Kizito: Sukari nshapima iko sawa. Presha pia.

Chausiku: Pole kaka. Mi nilipata nikiwa na mimba ya pili, usiku naamka mkono unawaka moto nausukasuka hewani ndo unatulia. Daktari akasema mshipa wa fahamu unabanwa pale kwenye kifundo, maji yakizidi mwilini nafasi inakuwa ndogo. Nilikuwa nafunga kile kifaa usiku mkono ukae umenyooka, nilivyojifungua ikaisha yenyewe. We nunua tu.

Mwl Mstaafu: Vijana simu mnalala nazo mkononi, kiwiko kimekunjwa mpaka saa nane usiku, halafu mnashangaa ganzi. Mwili una haki yake. Weka simu mbali, lala mapema, utakuja kunishukuru.

Nesi wa Zamu: Jamani mnampa dawa kabla hamjamuuliza ni VIDOLE GANI. Kaka, ganzi aliyoipata Chausiku inashika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kidole cha mwisho haikigusi. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, huo ni mshipa mwingine unaopita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia shoti. Shingo nayo ina ramani yake na mara nyingi inakuja na maumivu yanayoshuka begani. Ikianza mikono yote na miguu tunawaza sukari, pombe, upungufu wa vitamini B12, hasa kwa anayetumia metformin, dawa ya sukari, miaka mingi. Na ikija ghafla upande mmoja, mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo usiandike uzi, kimbia hospitali. Sasa we ni vipi?

Kiganja_Kizito: Cha mwisho na cha pete dada. Na upande wa kiganja huku pembeni.

Nesi wa Zamu: Nguvu je? Unafunga vifungo vya shati?

Kiganja_Kizito: Vifungo vinanisumbua kidogo. Na kidole cha mwisho kimeanza kujikunja, hakinyooki chote. Afu juzi nimeungua na pasi pembeni ya kiganja, sikusikia, nimekuja kuona lengelenge tu.

Tingatinga: Mkuu huo mkono umechoka, upe likizo yenye malipo 😂

Baba Pacha: Kuungua bila kusikia ndo sukari yenyewe, mjomba alikanyaga msumari akatembea nao.

Nesi wa Zamu: Baba Pacha kashasema kapima. Kaka, swali moja usilikwepe. Una baka lolote kwenye ngozi, mkono huo au popote, rangi imefifia au limekuwa jekundu jekundu?

Kiganja_Kizito: Mabaka kila mtu anayo dada. Turudi kwenye shingo, kuna aliyewahi kunyooshwa akapona?

Chausiku: Kaka umeulizwa swali.

Kiganja_Kizito: Haya lipo. Nyuma ya mkono juu kidogo ya kiwiko, limefifia. Ni fangasi, napaka dawa ya kupaka. Sikulitaja kwa sababu halihusiani na vidole, na haliumi wala haliwashi. Na jamaa wa shingo nshampa kianzio, kapona nae mtu ninayemjua kabisa, kwahiyo sio kwamba nakurupuka.

Nesi wa Zamu: Fangasi kawaida inawasha, na dawa ingekuwa imefanya kitu. Liangalie kwenye mwanga: vinyweleo vipo? Jasho linatoka pale? Afu fumba macho mtu akuguse taratibu na pamba, mara kwenye baka, mara pembeni yake.

Kiboko ya Chai: Aisee hii ni chai, tena ina tangawizi. Uzi umeanza "kingine chochote mwilini sina". Nesi kauliza vifungo, vifungo vikasumbua. Kauliza baka, baka likatokea. Mtu mmoja ana ID mbili anajiuliza na kujijibu. Ukoma ndo mnataka kutuletea hapa? Ulishaisha huo, uko kwenye vitabu vya dini.

Tingatinga: Duh kweli, nesi na jamaa wanaandika kwa zamu.

Nesi wa Zamu: Haujaisha. Kila mwaka dunia inapata wagonjwa wapya zaidi ya laki moja. Na watu wanauficha kwa sababu ya maneno kama hayo yako. Hata kama kaka katunga, wa kusoma na kwenda kujikagua yupo. Sijasema anao, nimesema baka lisilo na hisia pamoja na ganzi lipimwe. Kuna daktari atapapasa mshipa nyuma ya kiwiko kama umevimba, na wanaweza kuchukua kipimo cha ngozi. Ukiwa ndio, dawa zipo, ni vidonge vya miezi 6 au 12, na tangu 1995 zinatolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Ukishaanza dozi huambukizi mtu. Ila mshipa ukiachwa ufe, kidole kinabaki kimekunjwa hata wadudu wakiisha. Hiyo ndo haraka yangu.

Mwl Mstaafu: Nakumbuka shuleni tulikuwa na mwenzetu mmoja, tukamkimbia dawati. Baadae alipona akamaliza masomo. Sisi tuliomkimbia hakuna aliyeugua.

Kiganja_Kizito: Kiboko, mi sina muda wa kutunga. Unadhani mtu anaandika "nina baka" akiwa na furaha? Nina mtoto mdogo namlaza kifuani kila siku, nilijua nikitaja tu mtanipeleka huko. Na ID yangu ni hii hii moja.

Nimefanya ya pamba. Nilifumba macho nikamwambia mke wangu aanze. Nimekaa nasubiri, nikamuuliza mbona huanzi, akasema ameshagusa mara kibao.

Kiboko ya Chai: Ok hapo umeninyamazisha. Nenda kapime mkuu.

Chausiku: Mungu akutangulie kaka, na mtoto umtaje huko wamuangalie.

Kiganja_Kizito: Asante. Kesho asubuhi naenda. Dada nesi, nikifika nianze kueleza vidole au baka?

Nesi wa Zamu: Baka. Ukianza na vidole na kazi ya kompyuta utarudi na dawa ya kuchua. Pandisha mkono wa shati kabla hujakaa, umwambie na ile ya pamba.

Kiganja_Kizito: Sawa. Jamaa wa shingo ntamwambia tusogeze mbele kidogo.

Nesi wa Zamu: Usisogeze kaka, futa.